Hurricane ukutani kwangu Tabata

Nimekuwa fundi wa ndege miaka 31, na mchoro wowote wa ndege ukiwekwa mbele yangu naanza kwa kutafuta makosa. Huu nimeutafuta makosa tangu Januari.

Ni chapa, yaani nakala iliyochapishwa, ya mchoro wa rangi za mafuta: Hurricane mbili, ndege za kivita za Waingereza za Vita vya Pili vya Dunia, juu ya Athens, Aprili 20, 1941, siku ambayo Hurricane chache za Waingereza zilizobakia Ugiriki zilivamiwa na kundi kubwa la ndege za Wajerumani. Mmoja wa marubani wa siku ile ni Roald Dahl, yule aliyekuja kuwa mwandishi wa vitabu vya watoto, wakati huo kijana wa kampuni ya mafuta ya Shell hapa hapa Dar, aliyeendesha gari mpaka Nairobi mwaka 1939 kwenda kujiandikisha jeshi la anga la Uingereza. Ndiyo sababu nilimwambia mpwa wangu aliyeko Uingereza aninunulie. Pauni 120.

Mchoraji anaijua ndege. Hurricane mbele ni bati, lakini mwili wake wa nyuma ni kitambaa cha kitani kilichovutwa juu ya vipande vyembamba vya mbao, na kwenye mwanga wa pembeni zile mbao huonekana kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Kazichora zote. Wengi hupaka mgongo laini tu, kama wa Spitfire, ndege nyingine ya kivita ya Waingereza yenye mwili wa bati. Hata ekzosi za Merlin, injini yake, tatu kila upande, zimekaa zinapotakiwa kukaa.

Kosa ni usafi. Ndege zile zilikuwa zinalala nje, kwenye vumbi, zinatengenezwa usiku na watu wasiolala, halafu hapa hakuna hata tone la oili chini ya tumbo. Haiwezekani. Na mafundi wenyewe kwenye michoro ya aina hii huwaoni, sahihi zao huzioni. Kwenye ukingo mweupe wa chini kuna sahihi mbili za penseli, ya mchoraji na ya rubani mmoja mkongwe wa Hurricane, pamoja na namba 212/400, yaani nakala ya 212 kati ya 400. Sahihi ya mkongwe ndiyo inayopandisha bei, maana wazee wale karibu wote wameshatangulia.

Muuzaji simsifii. Bomba la karatasi lilifika limebonyea, kona moja ina mkunjo, na malalamiko ya mpwa wangu yalijibiwa baada ya wiki tatu kwa pole tu.

Ila nusura niipoteze chapa yenyewe hapa hapa mtaani. Fundi fremu alishaweka rula.

"Mzee wangu, hii nyeupe ya chini tunaikata, fremu ya tayari ipo."

"Kijana, hiyo nyeupe ndiyo niliyonunua!"

Basi mkipeleka za kwenu, simameni pale pale. Mwambieni asigandishe kwa gundi, aweke kadibodi isiyo na asidi nyuma, na kioo kisiguse karatasi, la sivyo unyevunyevu wa Dar utaota madoa ya kahawia mvua za masika zikianza. Isikae mkabala na dirisha pia, jua linakula rangi.

Kwa mchoro natoa nyota nne na nusu, kwa muuzaji mbili. Nafasi ya upande wa kushoto nimeiacha wazi nikisubiri mchoro wenye fundi juu ya bawa, spana mkononi. Mama watoto anasema hapo pa saa.