Ufito wa Shaba wa Kusafishia Mtutu: Uzoefu Wangu Baada ya Risasi Mbili Kukwama

Bunduki yangu ya upepo ni ya zamani, ya springi na ya kukunja mtutu, yenye kipenyo cha milimita 4.5. Ninaimiliki kwa kibali na kuitumia kulenga makopo shambani Hombolo, na msimu wa mavuno kupunguza panya kwenye ghala la mtama. Mwishoni mwa kiangazi kilichopita nilifyatua, kopo likabaki limetulia. Nikadhani nimekosa shabaha, nikapakia risasi nyingine na kufyatua tena. Kosa langu lilikuwa hilo la mara ya pili, kwa maana risasi ya kwanza haikuwa imetoka kabisa, na ya pili ilikwenda kuikandamiza humo humo ndani.

Kabla ya kununua ufito ninaoueleza hapa, niliipeleka bunduki kwenye karakana moja mjini Dodoma. Fundi aliutazama mtutu, akasema, "Mzee wangu, hii ni kazi ya dakika tano," kisha akachukua waya wa kuchomelea na nyundo. Nilimzuia alipokwisha gonga mara moja, na alama ya pigo hilo bado inaonekana mdomoni mwa mtutu. Chuma kigumu hukwaruza mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, na ukingo wa mdomo ndio unaoigusa risasi mwisho inapotoka, hivyo ukiharibika hapo, shabaha imeharibika.

Ufito niliuagiza kutoka duka moja la Dar es Salaam kwa shilingi 28,000 na kuupokea kama kifurushi cha basi katika stendi ya Nzuguni. Ni wa shaba ya njano, una vipande vitatu vinavyounganishwa kwa nyuzi za skrubu, mpini wa plastiki, na ncha kadhaa, mojawapo ikiwa bapa. Ncha hiyo bapa ndiyo iliyonipa thamani ya fedha yangu. Risasi hizi za metali ya risasi (ledi) ni laini, na nyuma zina sketi yenye uwazi; ukizisukuma kwa kitu chembamba chenye ncha kali, kinazama ndani, sketi inatanuka, na zinabana kuliko mwanzo. Hata kijiti cha mbao, ambacho jirani yangu alinishauri nikitumie, kinaweza kupasuka na kuongeza kabari juu ya kabari.

Nilihakikisha kwanza kwamba springi haikuwa imevutwa, nikaukunja mtutu na kuufunga kwa mpira wa baiskeli ili usirudi ghafla na kunikata vidole. Kisha niliingiza ufito kutoka nyuma, nikautia alama ya gundi ya karatasi, na kuona kwamba kizuizi kilikuwa sentimita 12 tu kutoka mahali pa kupakia. Njia fupi ilikuwa kurudi nyuma. Nikadondosha matone mawili ya mafuta mepesi kupitia mdomoni, nikasubiri usiku kucha, na asubuhi nikausukuma ufito kutoka mdomoni, nikiugonga polepole kwa kipande cha mbao. Kwa dakika kama kumi hapakuwa na dalili yoyote. Baadaye kitu kililegea, na risasi zote mbili zikaangukia kwenye kitambaa zikiwa zimeshikana, pua ya moja imezama katika sketi ya nyingine kama vikombe vya kahawa vilivyopachikwa.

Kasoro za ufito zipo. Maungio yake hulegea kila baada ya mapigo machache, na usipoyakaza mara kwa mara, ufito hupinda hapo hapo. Wangu sasa una kipindo kidogo katika kipande cha kati. Mpini hauzunguki, kwa hiyo kitambaa cha kusafishia hakifuati mifereji inavyopaswa. Burashi iliyokuja nao ilitoa nywele siku ya kwanza, nami nimeitupa.

Jambo ambalo ufito haukuweza kulitibu ni chanzo chenyewe. Pistoni ya bunduki yangu ina ngozi badala ya sili ya plastiki, na ngozi hiyo ilikuwa imekauka kwa ukavu wa hapa kwetu, ikavujisha upepo hadi nguvu ikapungua. Niliidondoshea mafuta kidogo kupitia tundu la upepo, nikaisimamisha bunduki kwa kitako usiku kucha. Milio michache ya kwanza baada ya hapo ilitoa moshi na mshindo mkubwa, kwa kuwa mafuta yaliyozidi huwaka yanapogandamizwa, kwa hiyo nilivaa miwani na kusubiri hadi moshi ulipokoma. Tangu hapo, kopo lisipolia ninauingiza ufito kwanza kabla ya kupakia tena. Ninaupa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye yale maungio.