Mfuko wa PICS wa kilo 100, kwa wanaohifadhi mahindi

Kwa mkulima wa Kongwa anayesubiri bei ipande soko la Kibaigwa, mfuko huu, nailoni mbili ndani ya kiroba, unafaa kuliko dawa ya unga. Dawa huua dumuzi, wadudu watoboa mahindi, walio dhaifu. Walio sugu hubaki, huzaana, na baada ya misimu kadhaa dozi ileile haifui dafu. Ndani ya PICS wadudu humaliza hewa wenyewe, huacha kula, hufa.

Ukinunua, puliza nailoni zote mbili uzibonyeze. Inayopwaya ina tundu. Muuzaji akinuna, pesa ni yako. Ukishajaza mahindi, zifunge moja moja: sokota, kunja, kaza kamba, kisha kiroba cha nje.

Mahindi yasiyokauka yataota ukungu. Tikisa kiganja kimoja cha mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu. Chumvi ikigandia kioo, rudisha juani. Udhaifu wa mfuko? Panya.