TAHADHARI: Kijana wa tableti anayevisha magari rimu ni mwizi

Jamani wa Malindi, Watamu, Mambrui mpaka Gongoni, nisikizeni kabla hamjaliwa kama mimi. Na ile picha ya pikapu yangu ya Hilux niliyoweka kwenye status Ijumaa mkanipa hongera, isahauni. Gari lile lenye rimu mpya lipo pichani tu.

Alasiri hiyo nimeegesha sokoni, nasubiri mzigo. Akaja kijana, kanzu safi, salamu kamili, akauliza na hali za nyumbani. "Ami, nikupigie gari picha, bure?" Akapiga ubavuni, akagusagusa kioo cha tableti yake, tairi zangu zilizochoka zikapotea. Zikaja rimu nyeusi za inchi 17 na tairi za mgongo wa mamba. Akabadilisha, za fedha. Akabadilisha tena, za shaba. Nami namwambia hapana, rudisha zile nyeusi, kama mtoto aliyeona halwa.

Msinicheke. Gari lilikuwa langu kweli! Ule mbonyeo nilioupata Marafa ulionekana mlangoni, kibandiko cha mashallah kipo, hata mbuzi wa watu aliyelala kivulini yumo. Kila kitu mle ni cha kweli, ningejuaje kuwa cha uongo ni zile tairi nne tu anazouza? Tena alitoa tepu akapima, akaandika saizi ya tairi, 285/70R17, kwenye daftari. Mtu wa daftari utamshuku vipi?

Nikatuma 40,000 za kuagizia. Simu ikanionyesha jina la mwanamke. Akasema ni mamake, ndiye mwenye duka. Nikabonyeza. Mzigo ukaja kesho yake baada ya isha, kwa tuktuk isiyozimwa injini, nailoni gundi juu ya gundi. "Ami, malizia 35,000, dereva ana haraka." Nikamaliza. Haraka ya dereva nikaifanya yangu!

Asubuhi fundi akachana nailoni, akacheka mpaka akakaa chini. Rimu zina matundu matano, haabu yangu, pale rimu inapofungwa, ina nati sita. Tairi zimepakwa rangi, na ubavuni zimeandikwa 1412, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2012. Kisha akanitia chumvi kidondani: hata zingeingia, saizi ile yapita 265/65R17 zangu kwa sentimita 5 na ushei kwa kimo, ukikata kona zakwaruza madigadi. Kwenye picha gari halikati kona.

Simu yake imezimwa. Nikapeleka ujumbe wa muamala kwa 456, nambari ya M-Pesa ya kurudishiwa pesa, pesa zilishatolewa zamani. Polisi nimeripoti, lakini kwangu mimi haitoshi. Avuliwe hiyo tableti, abebeshwe rimu zote nne, atembee kwa miguu toka sokoni mpaka daraja la Sabaki, jua la saa saba, na kila mwenye pikapu ampige picha. Bure!

Haya, mama watoto asema niache matusi niandike dalili. Kijana huyo hataki kabisa mwende pamoja kwa fundi. Nambari ya kulipia ni ya mtu, si ya duka, na hilo duka hana siku ya kukupeleka. Mzigo waja usiku. Kulikuwa na nyingine, hasira zimenisahaulisha.

Rimu zake nimezifunga mnyororo kwenye mwarobaini nyumbani. Atakayemwona amwambie aje azichukue. Mchana.