Toyota Levin ya breki za ngoma nyuma: uzoefu wangu

Nilikuwa nachagua kati ya Levin mbili, zote za milango miwili, zote za hapa Nairobi. Moja ilikuwa AE111 yenye injini ya 4A-GE ya vali 20, ile ya kifuniko cheusi inayotoa nguvu za farasi 165, na ina breki za diski, sahani ya chuma inayobanwa na pedi, magurudumu yote manne. Nyingine AE110, injini ya cc 1500, diski mbele na ngoma nyuma, yaani bakuli la chuma linalosukumwa kutoka ndani na viatu vya breki. Washikaji wote walikuwa upande wa diski. Mmoja aliniuliza kama nataka gari ama nataka mkokoteni. Nilichukua ya ngoma, na bado ninaiendesha.

Kwanza mjue soko lenyewe. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, na Levin iliacha kutengenezwa mwaka 2000, kwa hiyo unayonunua imeshapita mikononi mwa wengi. Sifa za kiwandani ni hadithi tu. Kinachohesabika ni hali ya breki siku unayoenda kukagua, na hapo ndipo ile ya diski iliponipoteza.

Nilimwomba muuzaji tuinue nyuma kwa jeki. Gurudumu la kushoto lilizunguka vizuri. La kulia liligoma hata baada ya kuachia hendibreki. Tulipolitoa, pedi ya ndani ilikuwa imeisha hadi chuma na ya nje karibu mpya, na uso wa ndani wa diski ulikuwa na michirizi unayoweza kuisikia kwa ukucha. Hiyo ni kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, iliyoganda. Muuzaji akasema "ni kupaka grisi tu." Labda. Lakini kalipa za nyuma hazifanyi kazi kubwa, hivyo huganda polepole bila dereva kugundua, hasa gari likikaa muda mrefu bila kuendeshwa. Nilipouliza bei ya kalipa nzima kule Kirinyaga Road nikajua biashara imekwisha.

Ya ngoma ilikaguliwa kwa dakika chache. Ngoma za Toyota zina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Unakaza bolti mbili za 8 mm humo, taratibu, huku na huku, na ngoma inajisukuma yenyewe kutoka. Hakuna kugonga na nyundo. Ndani nilitazama vitu vitatu: unene wa viatu vya breki, ukingo uliochimbika kwenye ngoma (yangu imepigwa chapa ya mwisho wa upana, 201 mm), na mpira wa silinda ndogo ya gurudumu, ile inayosukuma viatu. Ukiubinua kidogo ukakuta majimaji, mafuta ya breki yanavuja. Palikuwa pakavu, vumbi tupu. Nilibadilisha viatu hata hivyo. Nilipewa vya Corolla 110, vikaingia bila kusumbua.

Barabarani sasa. Ukikanyaga breki, uzito mwingi hukimbilia mbele na mkia unakuwa mwepesi. Levin inavutwa na magurudumu ya mbele na injini yote iko puani, kwa hiyo diski za mbele ndizo zinazosimamisha gari. Ukiwa na pesa kidogo, zitie huko mbele: pedi nzuri, mipira mipya, mafuta mapya ya breki.

Mteremko wa Mai Mahiu ndio niliouhofia, kwa sababu ngoma hufungia joto. Ikipata moto sana inapanuka, inavikimbia viatu, na pedali inazidi kushuka. Mimi nashuka na gia ya tatu, ya pili kwenye kona kali, na pedali haijawahi kubadilika. Ile harufu ya breki pale ni ya malori.

Wanaocheka ngoma niwakumbushe Datsun 240Z. Ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na Edgar Herrmann, kisha 1973 na Shekhar Mehta. Ile ya kuuzwa dukani ilitoka kiwandani na ngoma nyuma.

Kasoro zipo. Nikipita maji marefu wakati wa mvua, breki ya kwanza huwa legevu mpaka nikanyage mara kadhaa. Nikiliacha gari na hendibreki limelowa, asubuhi viatu vimeng'ang'ania ngoma na gari linaondoka kwa mlio wa aibu. Na kwenye rimu zilizo wazi ngoma inaonekana kama sufuria, hilo sina la kujitetea. Ila hendibreki yenyewe inashika mlimani bila wasiwasi. Kuna sababu Toyota Altezza, pamoja na diski zake za nyuma, imefichiwa viatu vidogo ndani ya diski kwa kazi hiyo hiyo.

Fundi wangu aliwahi kunishawishi tuweke diski za nyuma kutoka gari lililovunjwa. Nilimuuliza kuhusu masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, na vali inayogawa presha mbele na nyuma. Akasema hazina shida, tufunge tu. Nikakataa. Breki za nyuma zikishika kabla ya za mbele, mkia unakupita kwenye kona.

Kama unataka vali 20 na una mpango wa kuikimbiza kwenye mashindano siku nzima, nunua ya diski, ila zungusha yale magurudumu ya nyuma kwa mkono wako kabla ya kutoa hata shilingi.