Kuwania ubunge Mombasa bila chama: tumeipima njia ya mgombea huru

Bei iliyobandikwa ni Sh20,000. Hiyo ndiyo ada ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, kwa anayewania ubunge, na kwa mwanamke, kijana au mtu mwenye ulemavu inashuka hadi Sh10,000. Kwa mfanyakazi mjamaa anayetaka kuingia Bunge la Taifa bila kumpigia magoti mwenye chama, bei hiyo inavutia. Wenzetu wa Tanzania hawana hata mlango huu, ingawa Mahakama ya Afrika iliamua mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kuufunga ni kuvunja haki. Lakini ada hiyo ni kionjo tu. Gharama yenyewe imejificha sehemu mbili, kwenye saini elfu moja na kwenye mawakala wa siku ya kura, na hizo sehemu mbili ndizo zinazowaangusha watu wa mkono mtupu.

Tunaipima huduma nzima, kuanzia kujitoa chamani hadi fomu ya matokeo, kwa majimbo yote sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Uchaguzi mkuu ujao ni 10 Agosti 2027, kwa hiyo hesabu za siku tumezifanya kwa tarehe hiyo.

Kwanza, nani anaruhusiwa? Digrii si kikwazo, maana sharti la digrii kwa wabunge liliangushwa mahakamani mwaka 2022. Kikwazo ni kazi yenyewe. Sheria ya Uchaguzi inamtaka mtumishi wa umma ajiuzulu miezi sita kabla ya kura. Kwa mji huu hilo ni zito, kwa sababu mwajiriwa wa Halmashauri ya Bandari (KPA) ni mtumishi wa umma, na mwalimu wa shule ya serikali vilevile. Kuli wa KPA anayetaka kugombea anaaga mshahara mwezi wa Februari, kabla hajapata saini hata moja. Kibarua wa yadi binafsi ya makontena, dereva wa matatu, fundi wa Jua Kali na mama wa kibanda cha mahamri hawaguswi na sharti hilo. Ndiyo maana tunasema kikundi kinachotafuta mgombea kitazame huko kwanza, na wafanyakazi wa bandarini wabaki kuwa nguzo ya kampeni nyuma yake.

Pili, usafi wa uanachama. Katiba, ibara ya 85, inataka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya kura. Usiseme “mimi sijawahi kujiunga” ukalala. Ukaguzi wa Msajili wa Vyama mwaka 2021 na 2022 uliwashtua Wakenya wengi waliokuta majina yao kwenye vyama wasivyovijua. Kagua kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ukijikuta humo andika barua ya kujiuzulu, ipeleke chamani, upate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kisha umjulishe Msajili. Usingoje Mei. Fanya hivyo Januari, halafu kagua tena baada ya wiki chache, kwa kuwa jina kuondoka kwenye barua si lazima liwe limeondoka kwenye mtambo.

Sasa saini. Ibara ya 99 inataka wapiga kura 1,000 waliosajiliwa ndani ya jimbo hilohilo, na kwa kanuni za tume wanaomuunga mkono mgombea huru wasiwe wanachama wa chama. Hapa Mombasa sharti hili ni chujio kali kuliko linavyosomeka. Mtu analala Chaani, anafanya kazi Shimanzi, na kura yake ameiacha Kitui au Taita. Ukisimama kwenye feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi utajaza karatasi haraka sana, na nusu ya mavuno yako huenda ikawa ya watu wa Kwale. Lango la bandari na la EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, lina ugonjwa huohuo. Pahali pazuri ni mlangoni kwa mtu, jioni, baada ya Magharibi, mtaa kwa mtaa, na mkusanyaji awe mwenyeji wa mtaa huo.

Karatasi iwe na mistari 25, na safu hizi: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, wadi, kituo cha kupigia kura, saini. Lenga saini 1,500, yaani karatasi 60. Watu kumi wakileta 15 kila jioni, ni siku kumi za kazi. Usikubali mpango wa “tutapata 1,050 zinatosha”. Hazitoshi. Kuna atakayetia saini mara mbili, kuna ambaye tarakimu moja ya kitambulisho itakosewa, kuna aliyemtilia saini mgombea mwingine, na kuna mwanachama wa chama asiyejua kuwa ni mwanachama. Mwombe kila mtu athibitishe usajili wake papo hapo. Mwaka 2022 ilitosha kutuma nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa 70000. Orodha huwasilishwa kwa karatasi na kwa faili ya Excel pia, kwa hiyo mtu mmoja aingize majina kila usiku. Ukiacha yote 1,500 hadi wiki ya mwisho, kijana wa saiba atayapiga chapa huku amesinzia, na Mwinyi atakuwa Mwinyu. Katika faili, panga kwa nambari ya kitambulisho, si kwa jina. Marudio yatajitokeza yenyewe.

Zamani kanuni zilidai pia nakala ya kitambulisho cha kila aliyetia saini. Mahakama Kuu iliibatilisha kanuni hiyo mwaka 2022, na ilistahili, kwani nakala elfu moja ni mzigo wa pesa na watu wa mtaani huogopa kumwachia mgeni kitambulisho. Hata hivyo soma tangazo la gazeti la serikali la mwaka wenyewe kabla ya kuanza, usifanye kazi kwa kumbukumbu.

Mwenye jina la runinga hupita hatua hii kwa urahisi. Mohamed Ali alichukua Nyali akiwa mgombea huru mwaka 2017, lakini sura yake ilikuwa imeshaingia sebuleni mwa watu miaka mingi. Mjamaa wa Mikindani hana mtaji huo. Mtaji wake ni ule wa Januari 1947, wakati karibu wafanyakazi 15,000 wa mji huu waligoma siku 12 na Chege Kibachia akaibuka kuwaongoza katika African Workers Federation: watu waliojipanga kwa kazi zao na mitaa yao. Karatasi 60 zikigawanywa kwa wapishi, makuli, wafua nguo na madereva, kila kundi likabeba zake, saini huja na wapiga kampeni wake.

Alama ya uchaguzi hupelekwa pamoja na jina angalau siku 90 kabla ya kura, na karatasi za uteuzi zilizojazwa siku 60 kabla. Kwenye karatasi ya kura hakuna pahali pa kuandika “mjamaa” wala “chama cha wafanyakazi”. Mpiga kura anaona jina, picha na alama, basi. Siasa yako yote inabebwa na kipicha cha ukubwa wa kifuniko cha soda. Mkokoteni unavutia sana hapa kwetu, lakini ukichorwa mdogo hufanana na wilbaro, nayo ni ya UDA. Tume inaweza kuikataa alama inayofanana na ya chama. Mwavuli ni wa Wiper, chungwa ni la ODM. Kulabu ya kuli, mwiko wa mwashi au sufuria ni salama zaidi, mradi hakuna chama kilichotangulia kuisajili. Ichore kwa mstari mnene, itoe fotokopi nyeusi na nyeupe, umwonyeshe bibi asiyevaa miwani. Akisita, badilisha.

Na ukishinda? Masharti ya baada ya mauzo si matamu. Mfuko wa Vyama vya Siasa haumpi mgombea huru hata senti, na nafasi za kamati hugawanywa hasa kwa nguvu za vyama, ndani ya Bunge la watu 349 wasiohesabu Spika. Mswada wa fedha hauendi bila mapendekezo ya kamati husika baada ya kusikiliza maoni ya Waziri, kwa hivyo vikaratasi vyako visiahidi kufuta kodi ya unga kwa mkono mmoja. Sharti moja linatupendeza: ibara ya 103 inasema aliyechaguliwa akiwa huru akajiunga na chama anapoteza kiti. Mpiga kura amepewa dhamana kidogo, ingawa “kushirikiana na serikali” bila kadi kumebaki kuwa ufa mpana.

Mawakala ndio bili kubwa. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo jimbo la wapiga kura 91,000 lina vituo visivyopungua 130. Hata ukimpa wakala Sh1,000 tu za nauli na chakula, umefika Sh130,000, zaidi ya mara sita ya ada. Hapa ndipo mgombea huru anapozama: ana kura, hana macho. Ukiwa na mawakala 60 tu, usiwatawanye kwa huruma. Wapeleke kwenye shule zenye vyumba vingi vya kupigia kura na kwenye mitaa iliyokupa saini nyingi, kwa sababu kura zako ndizo zinazoweza kuibwa. Wakala afike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi akiwa na barua ya uteuzi na kiapo cha siri, na chakula chake mkononi, asitoke kutafuta mbaazi wakati wa kuhesabu.

Kila wakala apige picha Fomu 35A, yaani fomu ya matokeo ya kituo chake, tarakimu zote na saini zote zionekane, kabla sanduku halijaondoka, na aipeleke nambari moja tu ya simu ambako mtu anajumlisha. Kesi ya kupinga matokeo lazima ifike kortini ndani ya siku 28, na dhamana ya gharama kwa ubunge ni Sh500,000, mara 25 ya bei iliyobandikwa mlangoni. Picha 130 za 35A hazigharimu kitu zaidi ya bando la siku moja.