Boksi la sansai kutoka Yamagata: uzoefu wangu

Kama unakaa Japani na unapenda mboga chungu, agiza boksi hili kabla msimu haujaisha. Nazungumzia sansai, mboga za porini ambazo Wajapani huchuma milimani theluji inapoanza kuyeyuka. Mimi naagiza kwenye duka la wakulima la mkoa wa Yamagata, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, ambako theluji huanguka nyingi na mboga hizi zinasifika nchi nzima. Naishi Saitama, jirani na Tokyo. Boksi la wastani nalilipia karibu yeni 4,000 pamoja na usafiri, na gari lenye ubaridi hulileta mpaka mlangoni siku inayofuata.

Kilichomo huchagui wewe. Mwezi wa Nne utakuta fukinoto, vitumba vya kijani vinavyotoboa ardhi wakati theluji bado iko pembeni, pamoja na kogomi, kangaga changa zilizojiviringisha. Mwezi wa Tano zinafuata taranome, koshiabura (machipukizi ya mti), udo (mmea unaoliwa shina) na warabi (kangaga nyingine). Kuna wanaolalamika kwamba hawajui watapata nini. Kwangu huo ndio uzuri wake, maana kinachofungwa ni kile kilichochumwa wiki ile.

Taranome ndizo zilizonifanya niwe mteja wa kudumu. Ni machipukizi ya mti wenye miiba. Madukani Tokyo utayaona hata mwezi wa Pili, kwa sababu wakulima hukata fimbo za mti huo vipande vipande, wakavisimamisha kwenye maji ndani ya banda lenye joto mpaka vichipue. Hayo ni laini na mazuri kwa macho, lakini harufu yake ni hafifu. Ya porini ni manene, yana vijimwiba shinani, na ukiyakata tu jiko zima linanukia. Nayapika tempura: unga na maji ya barafu, nakoroga kidogo tu hata mabonge yakibaki, kisha nayatumbukiza kwenye mafuta yaliyoshika moto vizuri. Naepua yakianza kukauka nje, na kitu pekee ninachoongeza ni chumvi. Mchuzi wa soya unaharibu.

Fukinoto ni habari nyingine. Uchungu wake unapanda mpaka puani, na mtu aliyezoea kabichi na spinachi anaweza kuiacha sahani. Mimi nimekulia Tanga kwenye mchunga, kwa hiyo nilipoionja nilijiona niko nyumbani. Nyingi nazikatakata, nazikaanga upesi kabla hazijawa nyeusi, kisha natia miso (rojo ya soya iliyochachushwa), sukari na mirin (divai tamu ya mchele ya kupikia) kidogo. Hiyo huitwa fukimiso. Inakaa muda mrefu kwenye friji, na kijiko kimoja kinatosha sahani nzima ya wali. Kwa ugali pia inafaa sana, nasema kweli.

Sasa warabi, na hapa naomba usome kwa makini. Ndani ya boksi huwemo kipakiti cha majivu ya kuni. Usikitupe! Warabi mbichi ina sumu iitwayo ptakwilosaidi, ambayo inahusishwa na saratani, na ng'ombe wakiila kwa wingi malishoni hufa. Unapanga mashina kwenye sufuria pana, unayanyunyizia majivu, unamwaga maji yanayochemka mpaka yafunikwe, halafu unaacha usiku kucha. Asubuhi maji yamegeuka rangi, nawe unaosha na kubadilisha maji mara kadhaa. Majivu yanavunja sumu na kulainisha mashina kwa pamoja. Ukikosa majivu, magadi soda hufanya kazi hiyo hiyo, na kwa sisi tuliokua tukiona mlenda ukitiwa magadi jambo hili halina ugeni. Mmea wa aina hii umejaa kwenye milima ya Usambara pia, kwa hiyo nasisitiza: usiuchume ukaupika kama mchicha. Ikishaandaliwa vizuri, warabi ina utelezi mtamu, nami huila baridi na tangawizi, soya na vipande vyembamba vya samaki mkavu.

Wenzangu huniuliza kwa nini nilipe wakati milima iko wazi. Kwanza, milima mingi ina wenyewe. Pili, dubu huamka majira hayo hayo, wakiwa na njaa. Tatu, na hili ndilo kubwa, kila mwaka Wizara ya Afya ya Japani huonya kuhusu watu wanaokula mmea wa sumu wakidhani ni sansai. Kuna hashiridokoro, ambayo ikichipua hufanana na fukinoto. Kuna torikabuto, yenye sumu kali inayopiga moyo, ambayo majani yake machanga watu hudhani ni ya nirinso, mboga halali. Mzee wa Yamagata aliyechuma tangu utotoni anazitofautisha kwa kutazama tu. Jicho hilo ndilo ninalolilipia.

Liko pia suala la mionzi. Tangu ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima mwaka 2011, koshiabura imejulikana kuwa hunyonya sesiamu, yaani elementi yenye mionzi iliyotawanyika kutoka kinuni, kuliko mboga nyingi, na sehemu kadhaa za mashariki ya Japani zilizuiwa kuiuza. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa vyakula vya kawaida, tangu Aprili 2012, ni bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa kilo. Duka langu huandika kwenye kila fungu mji lilikochumwa. Muuzaji wa mtandaoni asiyetaja mahali, mwache.

Kasoro zipo. Karatasi ya maelezo ni ya Kijapani peke yake, kwa herufi ndogo, na maelezo yenyewe ni ya usalama, kwa hiyo mtafute wa kukusomea. Boksi ni kubwa kwa mtu mmoja, na mboga hizi hazingoji: kogomi huanza kuwa nyeusi, warabi hukakamaa. Agiza lifike Jumamosi asubuhi, uandae vyote siku hiyo. Udo yao ya porini, kwangu, ni ngumu upande wa chini. Kwa kula mbichi naona bora ile nyeupe inayolimwa gizani chini ya ardhi huko Tachikawa, magharibi ya Tokyo. Ila maganda ya ile ya porini usiyatupe kabisa: yakaange na soya na sukari.

Zile pakiti za sansai zilizochemshwa na kuhifadhiwa kwenye maji, zinazouzwa mwaka mzima, sizipendekezi. Nyingi huandikwa kuwa zimetoka China, na uchungu wote umekwisha. Msimu ukipita, ni afadhali ununue zenmai kavu kwenye duka hilo hilo. Bei yake itakushtua, lakini kangaga hiyo huchemshwa, kisha hufikichwa kwa mikono tena na tena ikikauka juani. Iloweke usiku, uipike taratibu na tofu ya kukaanga. Mimi nimeshaagiza ya mwaka huu.