Pazo la kadi za utani wa bichi, vipande 1000: nyota nne, ya tano imepotea na kipande

Jamani nimelimaliza juzi usiku, wiki mbili nzima meza ya kulia imetekwa tunakula sahani mapajani, basi nikaona niwaandikie mnaofikiria kulinunua. Nililipa pauni 14 na posta juu.

Ni pazo la vipande 1000, ile picha ya kadibodi iliyokatwakatwa unaiunganisha mwenyewe, wamepanga pamoja zile kadi za posta za utani ambazo Waingereza wakienda bichi Blackpool au Skegness walikuwa wananunua wanawatumia jamaa zao nyumbani. Mmama bonge na nguo nyekundu ya kuogelea, mumewe kimbaumbau, padri macho yamemtoka, maharusi wapya wamechelewa kushuka kunywa chai, na chini mstari mmoja wa maneno yenye maana mbili. Baba lao kwenye kazi hii ni Donald McGill, kazaliwa 1875 kafariki 1962, kachora kadi kama 12,000, na mwaka 1954 mzee wa watu ana miaka 79 wakamburuza mahakamani Lincoln eti kadi zake chafu, wakamlima faini pauni 50 na gharama za kesi pauni 25. Leo utani huohuo nimeletewa mlangoni kwenye boksi la zawadi.

Utamu wake ni kwamba kichekesho kinakuja kwa awamu. Ipo ile kadi yake maarufu, kijana ana kitabu anamuuliza binti kama anampenda Kipling, yule mwandishi, binti anamjibu we mtundu wewe, sijui, sijawahi kukipo. Kasikia jina la mtu linaishia na "ing" kama vitenzi vya Kiingereza, kadhani ni tendo, tena la gizani! Mimi siku mbili nilikuwa na goti la binti na neno "Kipling" tu, nikajua ni jina la hoteli, kipande cha mwisho kilivyoingia nilicheka peke yangu saa saba usiku nimetoka shifti.

Sasa kimbembe. Mama mkwe yuko kwetu kwa matembezi, katoka Tanga, na mimi mkwe wangu namheshimu, kwa hiyo kila akipita natupia kitambaa juu ya meza kama nafunika maandazi. Jumapili nimerudi kazini nakuta kitambaa kimekunjwa vizuri, bi mkubwa kavaa miwani anatafuta kipande cha matiti. Nikatamani ardhi ipasuke. Akaniambia, "Mwanangu, hawa nao wana kanga zao, tofauti wao wanazitia kwenye posta. Hebu nisomee hili jina." Nikasahau kabisa kwamba huyu mama ameweka wari ndani miaka na miaka, somo mzima wa kuwafunda mabinti, mimi ndiye mshamba hapo. Nikawa namtafsiria moja moja, na yeye kila moja anayo ya kwake kali zaidi ambayo hapa siwezi kuiandika. Iliyonishinda ni ya mama mkwe mkorofi, maana Waingereza nao wakwe hawawawezi, ikabidi nidanganye kwamba ile ni shangazi. Akaniangalia tu.

Haya, ubora. Kadibodi nene, vipande vinashikana, ukinyanyua kona haimwagiki. Usianze na pembeni kama tulivyozoea, pembeni kote ni buluu ya bahari na mbingu utalia, anza na nguo nyekundu na pua nyekundu za walevi, maandishi fuatia. Kinachokera ni picha ya kwenye boksi, ndogo mno, maneno hayasomeki hata kwa miwani ya bi mkubwa, na hawakutia bango la kufuatisha. Na utani mwingine umechacha bwana, mke mnene mume mwembamba mara ya tisa hata anayependa kucheka anachoka.

Halafu hicho kipande. Tumepekua chini ya kochi, kwenye mfuko wa fagio la umeme, nimemwandikia muuzaji mara tatu kimya. Na si kipande cha mbingu, ni kalio la kushoto la yule mmama wa nguo nyekundu, katikati kabisa ya picha. Mama mkwe kakata boksi la majani ya chai kakipaka rangi yangu ya kucha, kimeingia sawasawa ila kinang'aa kuliko la kulia.